Tangi la zamani likifukuliwa: kuwakinga vibarua na mvuke wa petroli

Sheli ikikaa miaka thelathini au arobaini pembeni ya barabara kuu ya Tunduma, tangi lake la chuma lililozikwa huwa limeshaanza kuliwa na kutu. Mafuta hupenya udongoni tone kwa tone bila mtu kuona. Kisha siku moja barabara inapanuliwa au kiwanja kinapata mwenyewe mpya, na vibarua wanaletwa na chepe na sururu kufukua. Wakifika mita moja na nusu udongo unageuka rangi ya kijivu, harufu inapanda, na wa kwanza kusema kichwa kinamuuma anaambiwa hajanywa chai.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa kazi hiyo, awe Iringa, Makambako, Mbeya au Tukuyu. Wasimamizi wengi wanaogopa moto, na wana haki ya kuuogopa. Tatizo ni kwamba wakishahakikisha shimo halitalipuka, wanaona kazi ya usalama imekwisha. Mapafu ya mtu huumia mapema sana kabla mvuke haujafikia kiwango cha kushika moto.

Hesabu inayosahaulika

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na inayotutia hofu kuliko zote ni benzeni. Huingia kwa pumzi na kwa ngozi, huharibu uboho unaotengeneza damu, na imethibitishwa kusababisha saratani ya damu. Madhara yake huja baada ya miaka, wakati kibarua ameshahamia kazi nyingine na hakuna anayekumbuka lile shimo.

Mvuke wa petroli hushika moto ukifika asilimia 1.4 ya hewa, yaani sehemu 14,000 kati ya milioni. Vipimo huandika sehemu hizo kwa herufi ppm. Kipimo cha mlipuko huichukua hiyo asilimia 1.4 kama 100. Kikiandika 10, kuna ppm 1,400 za mvuke, na kanuni ya kawaida inasema hapo watu watoke. Sasa tuseme benzeni ni asilimia 1 tu ya mvuke huo. Tayari kuna ppm 14 za benzeni hewani, wakati kikomo cha Marekani ni ppm 1 kwa siku ya kazi ya saa 8, na ppm 5 kwa dakika 15. Watafiti wa afya kazini wa huko huko wanapendekeza kishuke hadi ppm 0.1.

Endelea na hesabu. Kipimo kikiandika 1, benzeni ni ppm 1.4, juu ya kikomo. Vipimo vingine huifuta hiyo 1 na kuonyesha 0. Kwa hiyo msimamizi anayesimama na kipimo cha mlipuko pekee, akaona sifuri na kuruhusu watu washuke, amepima hatari ya moto na kuiacha ya sumu.

Pua nayo haitoshi. Watu wengi huanza kunusa benzeni ikiwa imeshapita ppm 1, na baada ya dakika kadhaa pua huzoea na harufu "inaisha". Haijaisha.

Kama vibarua wako wanaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, kikomo cha saa 8 hakiwahusu kilivyo. Mwili umepokea sumu saa nyingi zaidi na una saa chache za kuitoa. Kwa zamu ya saa 12, gawa kikomo kwa mbili.

Dizeli hutoa mvuke mchache zaidi kuliko petroli, lakini tangi lililoandikwa dizeli lisikulaghai, kwani matangi hubadilishwa matumizi. Na kama tangi lilitumika kabla ya 2006, mwaka ambao petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, tope la chini yake linaweza kuwa na risasi ya aina inayopenya ngozi. Tope hilo halishikwi kwa mikono hata kidogo.

Vipimo vitatu, kwa mpangilio wake

Cha kwanza ni kipimo cha gesi nne: oksijeni, mlipuko, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Cha pili ni PID, kile chenye taa ya urujuanimno, kinachosoma jumla ya mvuke wa mafuta hata ukiwa ppm chache. Cha tatu ni mirija ya kioo inayobadilika rangi, ya benzeni hasa, pamoja na pampu yake ya mkono inayovuta mililita 100 kwa kila mvuto. PID hukuambia mvuke upo. Mrija hukuambia benzeni ni kiasi gani. Huwezi kuruka mmoja ukabaki na kazi iliyokamilika.

Soma oksijeni kwanza. Kihisi cha mlipuko huunguza mvuke ndani yake ili kuupima, na bila oksijeni ya kutosha huandika namba ndogo ya uongo. Hewa safi ina asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 hakuna anayeshuka. Halafu soma mlipuko, halafu sumu.

Kihisi hicho hicho huuawa na risasi ya petroli ya zamani na dawa za kupulizia zenye silikoni, zile za kung'arishia dashibodi za magari. Kikifa hakilalamiki, huandika 0 siku nzima. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kazi, kipulizie gesi ya majaribio uone kama kengele inalia. Kisipolia, hakuna kazi. PID nayo husawazishwa kwa gesi ya isobutileni ya ppm 100, na ukungu wa masika huipotosha: unyevu ukiganda kwenye taa namba huyumba. Ifute, iache ipate joto la hewa ya pale, ndipo uiamini.

Kuna jambo la kwetu wenyeji wa milimani. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Asilimia ya oksijeni haibadiliki, lakini baadhi ya vihisi husoma mgandamizo, si asilimia. Kipimo kilichosawazishwa Dar es Salaam kikapanda Kitonga ndani ya gari kinaweza kuandika oksijeni pungufu mahali penye hewa safi. Fundi asiyejua huzima kengele kwa kuona "kimeharibika", na siku ya pungufu la kweli hakuna kengele. Sawazisha upya kwenye hewa safi ya mahali pa kazi, mbali na shimo, kila unapobadilisha mwinuko.

Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Hutambaa, hushuka, hulala. Kwa hiyo pima kwa kuteremsha mrija wa kuvutia hewa: juu, katikati na sentimita 10 kutoka chini, ukisubiri kwenye kila kina muda ambao mtengenezaji ameuandika, pamoja na muda wa hewa kusafiri kwenye mrija. Kisha pima usawa wa pua ya mchimbaji aliyeinama, si aliyesimama wima. Rudia kila baada ya dakika 15, kila kijiko (mashine ya kuchimbia) kinapofungua udongo mpya, na kila upepo unapogeuka.

Rungwe: hewa nzito isiyo ya mafuta

Kwenye udongo wa volkano wa Rungwe kuna kaboni dioksaidi inayotoka ardhini yenyewe, kwa wingi kiasi kwamba huvunwa kibiashara. Haina harufu, haiwaki, na hulala mashimoni kama maji. Kipimo cha mlipuko hakiioni. PID haiioni. Hata kihisi cha oksijeni huchelewa: kaboni dioksaidi ikifika asilimia 5, ambayo tayari ni hatari ya haraka kwa uhai, oksijeni imeshuka kutoka 20.9 hadi karibu 19.9 tu, na kengele imenyamaza. Ukichimba Tukuyu au jirani, ongeza kihisi cha kaboni dioksaidi chenyewe. Barakoa ya chujio haizuii gesi hii kabisa.

Udongo wa huko una tabia nyingine. Changarawe nyepesi ya volkano imejaa vishimo, na mvuke hupita ndani yake upesi kuliko kwenye mfinyanzi. Usishangae kukuta mvuke kwenye choo cha shimo cha jirani ilhali ukuta wa shimo lako ni msafi.

Kabla chepe haijagusa ardhi

Wasiliana na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), NEMC (baraza la mazingira) na EWURA (mamlaka ya nishati na maji) mapema, na uwaarifu Zimamoto siku ya kutoa tangi (namba yao ni 114). Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu hili, na kusema vibarua ni wa kutwa hakumwondolei mtu jukumu.

Simika mti wenye utepe wa nailoni uuone upepo. Gawa eneo mara tatu: ndani kwa waliovaa vifaa tu, katikati kwa kuvua na kunawa, nje kwa maji ya kunywa, chakula na mapumziko, upande upepo unakotoka. Ukanda wa ndani usiwe na kiberiti, simu, grenda wala pikipiki, angalau mita 15 kutoka ukingo wa shimo na zaidi upande upepo unakoelekea. Mama ntilie mwenye jiko la mkaa anahamishwa kwa heshima na kwa fidia ya siku, tena mapema. Ukimfukuza saa 4 asubuhi atarudi saa 6 mchana na wateja wake ni wale wale vibarua.

Jenereta linasumbua. Ukiliweka upepo unakotoka, moshi wake wa kaboni monoksaidi unaingia shimoni. Ukiliweka upepo unakoelekea, mvuke wa petroli unalifikia na cheche zake. Liweke ubavuni mwa upepo, mbali, na nyaya ndefu.

Saa ya kuanza inategemea msimu. Asubuhi ya Juni au Julai, Njombe au Uyole, hewa ni baridi na imetulia, na mvuke uliotoka usiku umelala shimoni haujapata upepo wa kuuondoa. Mtu anayeteremka saa 1 asubuhi kwa sababu "bado kuna ubaridi, mvuke haupandi" anaingia wakati mbaya. Na baridi yetu haiizuii petroli kushika moto. Hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Subiri ukungu utoke na utepe uanze kucheza, mara nyingi saa 3. Usangu na Kyela shida ni kinyume: joto la mchana huzidisha mvuke na kumchosha aliyevaa ovaroli nzito, hivyo fanya kazi nzito kabla ya saa 5 na mpe mtu mapumziko ya kivulini kila saa.

Tangi lenyewe

Nyonya mafuta yote, kisha tope, kwa pampu isiyotoa cheche iliyofungwa waya wa ardhini pamoja na tangi. Kisha ondoa mvuke uliobaki. Njia ya maji ndiyo rahisi kwetu: jaza tangi hadi juu, mvuke usukumwe nje kwa bomba lililosimama mita 3.6 juu ya ardhi. Tangi la lita 20,000 litachafua lita 20,000 za maji, na maji hayo yanaondolewa na mwenye kibali. Kuyafungulia mtaroni ni kuwapelekea walio chini ya mteremko.

Njia ya pili ni barafu kavu, yaani kaboni dioksaidi iliyogandishwa, kilo 2.4 kwa kila lita 1,000 za ujazo, iliyopondwa na kutawanywa sakafuni mwa tangi. Tangi la lita 20,000 linahitaji kilo 48. Hapo unachopima ni oksijeni ndani ya tangi, ishuke chini ya asilimia 8. Namba ya mlipuko haina maana pasipo na oksijeni. Barafu kavu hutoa ile ile kaboni dioksaidi inayolala mashimoni, kwa hiyo watu wote watoke shimoni hadi upime upya.

Kupuliza hewa ndani ya tangi nako kunafaa, kwa sharti uelewe kinachotokea. Tangi lililofungwa mara nyingi lina mvuke mzito kupita kiasi cha kuwaka, zaidi ya asilimia 7.6. Ukilipulizia hewa, mvuke unashuka na kupita katikati ya 7.6 na 1.4, yaani eneo lote la kulipuka, kabla ya kuwa salama. Dakika hizo ndizo za hatari kuliko zote, na asiwepo mtu wala cheche karibu.

Mtu asiingie ndani ya tangi. Likishatoka, ziba matundu yote ila moja la milimita 3 la kupumulia, na upime tena kabla lori halijaondoka, maana tope lililoganda kwenye chuma hutoa mvuke mpya jua likipiga. Andika ubavuni kwa rangi kubwa: LILIKUWA NA PETROLI, LISIWEKEWE MAJI WALA CHAKULA. Fundi wa chuma chakavu anayelikata kwa moto bila kulisafisha analigeuza bomu, na aliyemuuzia anajua hivyo.

Kuchimba udongo uliolowa mafuta

Kijiko kichimbe, watu wakae juu. Kila kazi inayoweza kufanywa na mashine inapunguza mapafu shimoni, na hii ni kinga bora kuliko barakoa yoyote. Fungua sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Udongo uliofunuliwa mita za mraba 5 hutoa mvuke mchache kuliko wa mita 50. Uliochimbwa ulazwe juu ya nailoni nene, ufunikwe kwa nailoni nyingine yenye mawe pembeni, upande upepo unakoelekea, na angalau sentimita 60 kutoka ukingo usije ukaporomoka. Kunyunyiza maji mepesi kunasaidia kwa dakika chache tu. Ukimwaga mengi, unasukuma mafuta chini zaidi.

Shimo likizidi mita 1.2 liwe na ngazi na lipimwe hewa kabla ya kila kushuka. Likizidi mita 1.5 kuta zilazwe au zishikiliwe kwa mbao na vyuma. Udongo wenye mafuta hushikana vibaya.

Lazima mtu ashuke? Basi kuwe na feni. Chukua shimo la mita 4 kwa 6 kwa kina cha 3: mita za ujazo 72. Tunataka hewa ibadilike mara 20 kwa saa, hivyo feni itoe mita za ujazo 1,440 kwa saa mwisho wa bomba, si kwenye karatasi ya dukani, maana kila kona ya bomba hupunguza. Kabla ya mtu wa kwanza pitisha hewa mara 7, yaani dakika 21, halafu upime. Feni ikae upepo unakotoka, ivute hewa safi na kuipeleka chini kabisa. Feni inayovuta mvuke kupitia mota ya kawaida ni kiberiti. Na bomba likiishia katikati ya shimo, hewa safi inazunguka juu na mvuke unabaki umelala miguuni.

Barakoa

Hapa ndipo pesa nyingi huliwa bure. Barakoa ya kitambaa, ya hospitali, au ya vumbi ya mafundi wa mbao haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni ya mpira yenye vichujio vya makaa maalumu: vya mfumo wa Ulaya vina mstari wa kahawia na herufi A, vya Marekani vina mstari mweusi. Cheupe au cha zambarau peke yake ni cha vumbi.

Uchaguzi unafuata namba ya mrija wa benzeni. Benzeni ikipita ppm 1 hadi 10, barakoa ya nusu uso yenye vichujio hivyo. Hadi ppm 50, ya uso mzima. Zaidi ya hapo, au oksijeni ikiwa chini ya 19.5, au hujui kilichomo, hakuna chujio linalofaa. Ni hewa ya mtungi kwa waliofunzwa, au watu watoke. Kwa maoni yetu nunua za uso mzima tangu mwanzo, kwani mvuke huwasha macho na kibarua anayefikicha macho kwa glavu yenye petroli ameshajidhuru.

Barakoa hukaa kwenye ngozi. Ndevu za siku mbili zinatosha kupitisha mvuke, kwa hiyo mwenye kuzifuga kwa dini au kwa hiari apewe kazi ya nje ya ukanda, bila kukatwa ujira. Kila avaapo, afunike vichujio kwa viganja na kuvuta pumzi: barakoa inyonywe usoni na ibaki. Kisha azibe tundu la kutolea na kupuliza taratibu: ivimbe bila kuvuja. Sekunde 10 kila upande.

Chujio lina muda wake. Kanuni ya kukadiria inasema kwa mvuke unaochemka juu ya nyuzi 70, kama benzeni yenye nyuzi 80, ukiwa chini ya ppm 200, chujio hukaa hadi saa 8 kwa kazi ya kawaida. Unyevu ukipita asilimia 85 muda hupungua nusu. Kazi nzito ikimfanya mtu apumue mara mbili, nusu tena. Mchimbaji wa Tukuyu kwenye ukungu, anayetumia sururu, kutoka saa 8 amebakiwa na saa 2. Na petroli ina kemikali nyepesi kuliko benzeni ambazo makaa huziachia mapema zaidi. Andika saa kwenye chujio kwa kalamu ya wino mzito, libadilishe kabla ya muda, na litupwe mwisho wa zamu. Likilala usiku kucha, mvuke ulionaswa husambaa ndani ya makaa na kumtokea puani mvaaji wa kesho. Mtu akinusa petroli ndani ya barakoa, anapanda juu papo hapo, haombi ruhusa.

Asubuhi, wakiwa wamesimama pamoja, maneno machache yanatosha: "Jamani, leo shimo limesoma hivi. Vichujio vinabadilishwa saa 5. Ukisikia harufu, kizunguzungu au kichefuchefu, panda, hakuna atakayekukata hela." Sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa watu, mradi iwe kweli.

Ngozi, chakula na maziwa

Glavu nyembamba za naitraili hupitisha benzeni kwa dakika chache. Vaa nene, badilisha zikilowa. Buti za ngozi hunywa petroli na kuibana mguuni siku nzima, kwa hiyo ni gambuti zinazostahimili mafuta. Ovaroli iliyolowa inavuliwa hapo hapo na haiendi nyumbani. Mke anayeifua kwenye beseni, na mtoto anayebebwa na baba aliyeivaa, hawakuajiriwa kwenye shimo hilo.

Maziwa hayaondoi sumu hii. Benzeni imeingia damuni kupitia mapafu, na paketi ya maziwa jioni inaishia tumboni. Wapeni watu maziwa kama chakula, hesabu ya kinga iwe nyingine. Aliyemeza petroli asitapishwe, maana inaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na msindikizaji ataje kemikali.

Mtu akianguka shimoni

Mlinzi wa shimo hukaa juu muda wote na hana kazi nyingine. Aliye chini amevaa mkanda wa mwili wenye kamba iliyofungwa juu kwenye mguu-tatu wenye winchi. Akianguka, anavutwa. Mlinzi hashuki. Uchunguzi wa Marekani wa miaka ya 1980 ulikuta zaidi ya nusu ya waliokufa sehemu za namna hii walikuwa wamekwenda kuokoa. Kila mmoja alimpenda mwenzake, kamba ingetosha. Fanyeni zoezi hilo siku ya kwanza kwa gunia la mchanga la kilo 70, mkipima dakika.

Kwa wachenjuaji wa Chunya

Wanaochoma dhahabu kwa zebaki wasiazime vichujio hivi. Chujio la kahawia si la zebaki. La zebaki lina mstari mwekundu na maandishi Hg. Mvuke wake hauna harufu ya kuonya, huanza kutoka hata kwenye joto la kawaida la chumba, na hukaa kwenye kuta na nguo. Kinga ya kwanza ni chungu kilichofungwa chenye bomba la kupozea, kikiwa nje, mbali na jiko la familia.

Baada ya kazi

Kila kibarua apimwe damu kamili kabla ya siku ya kwanza, na tena kazi ikiisha. Chembe za damu zikipungua, asirudi kwenye mafuta mpaka daktari aseme. Weka daftari: jina, siku, saa za shimoni, namba za vipimo, chujio alilotumia. Akiugua baada ya miaka 10, daftari hilo ndilo litakalomsaidia mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Udongo uliotolewa ni taka hatarishi na unakwenda kwa mwenye kibali cha NEMC. Watu watauomba kama kifusi cha kiwanja au wa kufyatulia tofali, usiwape. Kabla ya kufukia, pitisha PID kwenye kuta na sakafu ya shimo, na kwa idhini ya wenyewe, kwenye vyumba vya jirani, hasa kwenye nyufa za sakafu na karibu na mabomba. Halafu rudi baada ya mvua kubwa za kwanza, maji ya ardhini yatakapopanda na kusukuma juu mvuke uliobaki, upime vyumba vile vile tena.